Usilie Hadi Jumatatu

Ndayisenga alinipakia nyuma ya baiskeli tangu Bugarama, na tulipofika hospitali jua lilikuwa linaondoka. Sikuliona. Nilijua kwa ubaridi wa mikono. Njia nzima malori ya mahindi ya wakimbizi yalitupita yakitumwagia vumbi, na kila lori lilipokuja mwanangu alishuka, akashika usukani, akasubiri lipite. Mwaka ule hakuna aliyekuwa na maneno ya ziada. Tulikuwa tumechoka sote, wenyeji na wageni.

Mimi ni Eustakia. Nilivuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, nimemshika Ndayisenga mkono, nikapewa shamba Bugarama, nikazeekea hapo hapo. Macho yalianza kuniziba polepole, kama chai inavyotiwa maziwa. Wapo waliosema ni mtoto wa jicho. Wapo waliosema nimerogwa na jirani kwa sababu ya mipaka ya migomba. Nilichoka kuwasikiliza wote. Madaktari wa macho walipokuja mara ya kwanza nilikataa kwenda. Nifunguliwe macho nione nini? Watu wakilia barabarani?

Aliyenibadilisha nia ni Odeta, mdogo wangu wa tumbo moja. Yeye aliolewa ng'ambo ya mto, Burundi, akabaki kule. Miaka ya utulivu alikuwa anavuka mto Ruvubu siku za soko, kibuyu chake kidogo chenye mrija kimefungwa kiunoni, ndani yake mtobe, yale maji ya ndizi matamu ambayo hayajachacha. Vita vilipozidi hakuja tena. Halafu mtu mmoja wa kambi ya wakimbizi, Havyarimana, akatuletea habari. Odeta yu hai. Amejificha kwenye mafunjo ya mto na wenzake, wanangoja mtumbwi. Atavuka wiki hii.

Nikamwambia mwanangu, madaktari wamerudi, nipeleke wakanitoe huu ukungu. Nataka akifika nimwone uso. Uso tu. Nikishamwona, mengine Mungu anajua.

Asubuhi ya Alhamisi wakatunawisha kwa sabuni, wakatukata kope kwa mkasi, wakatubandika plasta kwenye paji juu ya jicho litakalofanyiwa ili wasikosee. Langu lilikuwa la kulia. Tukakaa kwenye benchi, na kando yangu alikaa Bi Raya, mama wa Ngara mjini, wa zile familia za wafanyabiashara zilizotoka pwani zamani. Jicho lake moja lilikuwa zima, na kwa jicho hilo alitutangazia kila kitu.

"Huyu anayeingia sasa ana shati la kijani. Miguu inamtetemeka, maskini."

"Nyamaza, Bi Raya," nikamwambia. "Unatutia hofu."

"Ninyamaze nife na kihoro, mwenzangu? Haya, sasa wameita jina lako."

Walinichoma sindano kando ya jicho. Iliuma, sitadanganya. Baada ya hapo nilisikia vyuma vidogo vikigongana kwenye sahani, na sauti ya daktari ikiomba taa isogezwe. Wakamaliza, wakaweka pamba, wakafunga bandeji. Jicho la kushoto lilibaki wazi, lakini lile lilikuwa bovu kama ndugu yake. Liliona mwanga na giza, basi.

Wodini, muuguzi Dafroza akatupa sheria. Msiiname. Msinyanyue kitu. Msikae penye moshi. Msiguse bandeji hadi Jumatatu.

"Na kubwa kuliko zote, msilie," akasema. "Jicho limeshonwa kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Ukilia, ukajikamua, uzi unakatika. Ukikatika, hilo jicho tusahau." Akageukia mlangoni, waliposimama ndugu zetu. "Na ninyi mmesikia. Mtu asimletee mgonjwa habari za kumliza. Hadi Jumatatu."

Nilitaka kucheka. Mwaka ule, kumwambia mtu asilie!

Ijumaa alasiri mvua ilinyesha. Bati lilipiga kelele mpaka wodi nzima ikanyamaza. Ndugu walikuwa hawajaruhusiwa kuingia. Nililala chali, nimechoka kulala chali...

Nikasikia harufu ya matope.

"Mwiriwe, mukuru wanje."

Hivyo ndivyo Odeta alivyonisalimu siku zote. Jioni njema, mkubwa wangu. Tulizungumza Kirundi chetu, nami hapa nakisema kwa Kiswahili ili mnielewe.

"Odeta! Umevuka?"

"Nimevuka."

"Mtumbwi mlipata?"

"Maji yalikuwa mengi, Dada."

"Na wenzako?"

"Wapo. Tupo pamoja wote."

Akanishika mkono. Wake ulikuwa wa baridi sana, nikasema ni mvua. Kisha nikasikia kibuyu kikifunguliwa kiunoni. Kwetu, anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele ya macho yako. Asipoonja, hunywi, hata akiwa nani, maana watu wamemalizana kwa sumu. Mimi sikuwa na macho, kwa hiyo nikasikiliza. Mrija uliita, srrp, na koo likameza. Ndipo mrija ukagusa midomo yangu.

Nikanywa. Ulikuwa mtamu, na wa baridi kama mkono wake.

Furaha ilinipanda mpaka puani, nikahisi machozi yanakuja. Akaniwekea kidole mdomoni.

"Usilie. Nina neno la kukuambia, lakini ngoja Jumatatu. Usilie hadi Jumatatu."

Jioni Ndayisenga alikuja na uji. Mikono yake ilinuka udongo mbichi, nikadhani ametoka shambani. Nikamwambia kwa raha, "Mama yako mdogo alikuwa hapa. Odeta amevuka!"

Bakuli lilianguka sakafuni.

Alichukua muda mrefu kuliokota. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyebeba gunia, "Sawa, mama. Usilie tu."

Jumamosi alikuja tena. Harufu kwanza, halafu salamu. Akaonja, nikanywa. Tukakumbushana ya utotoni, tulivyogombania jembe nikamchana juu ya nyusi, na jinsi mama alivyotuchapa wote wawili bila kuuliza aliyeanza.

"Kovu bado lipo?" nikamuuliza.

"Lipo. Utaliona."

Nilikuwa nacheka. Katikati ya kicheko nikagundua kitu. Bi Raya, ambaye kitanda chake kilikuwa karibu na changu, alikuwa kimya. Yule aliyetutangazia hadi inzi waliotua dirishani, hakuwa ametoa sauti tangu Odeta aingie. Kisha nikasikia miguu ya kitanda ikiburutwa sakafuni, taratibu, kutoka kulia kwangu hadi kushoto. Baada ya hapo mnong'ono. Bi Raya alikuwa anasoma dua.

"Huyo ana nini?" nikanong'ona.

"Ananitazama," Odeta akasema.

Ningeogopa hapo. Mwenye akili angeogopa. Lakini mtu aliyechoka haogopi upesi, na huyu alikuwa mdogo wangu. Kama damu si nzito kuliko maji, basi sijui ni nini kizito.

Jumapili jua lilipoanza kushuka, harufu ilikuja kali. Si matope tu. Ilikuwa mafunjo yaliyooza, na kitu kingine ambacho kila mtu wa wilaya yetu alikijua mwaka ule, na hakuna aliyekitaja. Nikasikia maji yakidondoka sakafuni. Tone... tone... tone. Mvua haikuwepo siku hiyo.

Hakunisalimu. Mrija ulinijia mdomoni moja kwa moja.

Nikafunga midomo.

"Onja kwanza, Odeta."

Mrija haukuita.

"Odeta. Onja."

"Siwezi tena, Dada."

"Kwa nini?"

"Nimejaa. Pa kuweka hapana."

Moyo ulinipiga mpaka nikahofia jicho. Nikashika vyuma vya kitanda kwa mikono yote miwili. Vidole vyake vya baridi vikanigusa shavu, vikapanda, vikafika kwenye ukingo wa bandeji. Havikuifunua. Vilitulia hapo vikinisubiri.

"Nitazame," akanong'ona. "Funua kidogo tu. Kesho sitakuwepo."

Huyu ndiye niliyekuja kumwona. Kwa ajili yake nilikubali mkasi na sindano. Kumbe kumwona sasa ni kulipoteza jicho, na kulitunza jicho pengine ni kumpoteza yeye. Nilitaka sana. Mungu anajua nilivyotaka.

"Kesho," nikasema. "Kesho nitakuona kwa jicho zima, Odeta. Vumilia usiku mmoja."

"Kesho," akarudia.

Sijui kama alicheka au alilia. Tone moja lilinidondokea mkononi, halafu harufu ikaondoka taratibu. Nyayo sikusikia.

Jumatatu asubuhi Dafroza akanifungua. Kitu cha kwanza kukiona kilikuwa vifungo vya gauni lake, vyeupe, kila kimoja peke yake. Halafu mikono yangu, imezeeka. Halafu Ndayisenga. Mwanangu alikuwa na mvi pembeni mwa masikio, na hakuna aliyewahi kuniambia. Nikamtazama kwa huruma, kisha nikatazama nyuma yake, mlangoni.

"Odeta yuko wapi?"

Akapiga magoti. Akamtazama Dafroza, Dafroza akatazama chini. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua, lakini hapa aliyefichwa alikuwa maiti.

Alinieleza kwa shida. Mtumbwi ulizama Jumatano. Havyarimana alileta habari Alhamisi, mimi nikiwa chini ya taa ya daktari. Waliwatoa watu kwenye mafunjo, Odeta na wenzake wote, wakawazika Ijumaa mchana upande huu wa mto.

"Nilitoka kaburini nikaja kukuletea uji," akasema. "Muuguzi alishatuonya. Nilitaka upone, mama. Uliponiambia amekuja, nilidhani ni dawa zinakusemesha."

Sikulia. Watu walidhani nalitunza jicho. Hapana, nilichoka mno, machozi yenyewe hayakupata njia. Nilifikiri tu maneno ya mama yetu, kwamba mdogo hazikwi mkubwa hajaambiwa. Akizikwa hivyo, huja kujitangaza mwenyewe.

Ndayisenga aliinama kukusanya nguo zangu chini ya kitanda, na hapo akaganda. Akatoa kibuyu kidogo chenye mrija. Kilikuwa kimejaa hadi shingoni. Ndani mlikuwa na maji meusi ya mto, na juu yake unyasi wa funjo ukielea.

"Mama," akasema. "Hiki kilikuwa kiunoni mwake. Tulimzika nacho."

Alikitoa nje kwa mkono ulionyooshwa mbali na mwili. Alinawa mara nyingi. Nilikitazama kupitia dirisha, mpaka alipokifukia nyuma ya jiko, na nikawaza yale niliyokunywa Ijumaa na Jumamosi.

Siku ya kuruhusiwa Bi Raya akaja kukaa kitandani kwangu. Alikuwa amepungua. Alinishika mkono.

"Mwenzangu, nisamehe. Nilimwona, nikakosa ulimi."

"Ulimwona uso? Alikuwa na kovu juu ya nyusi?"

Akatikisa kichwa.

"Alikaa katikati yetu, amekuelekea wewe, mimi nikauona mgongo. Nikasema sawa, ni ndugu yake. Siku ya pili nikaburuta kitanda nihamie upande wako wa pili, nimwone usoni." Akanibana mkono. "Nikaona mgongo. Hakuwa amegeuka, alikuwa anaongea na wewe vile vile. Kila upande, mgongo."

Alitazama kwanza mlangoni.

"Majini huazima sauti za watu," akasema. "Sijui alikuwa ndugu yako au kitu kingine. Ila nakuusia, asiyekuwa na uso usimwombe akutazame."

Nimeuweka usia wake moyoni. Ni mwaka sasa. Jicho la kulia linaona hadi vilima vya ng'ambo, na kila mkimbizi anayepita barabarani namtazama juu ya nyusi. Natazama mpaka nachoka. Sijamwona.

Madaktari wanarudi wiki ijayo, nami nitafanyiwa jicho la kushoto. Ndayisenga amefurahi, amesema hatimaye mama ameshika mambo ya afya. Dafroza nimemwomba anifunge yote mawili. Alicheka. "La kulia ni zima, mama, la nini kulifunga?" Nikamwambia nalala vizuri zaidi gizani. Amekubali.

Kitanda nimeomba kile kile.

Akija, nitamwambia aonje kwanza. Asipoonja, nitakunywa hivyo hivyo. Na akiniambia nifunue, sitangoja Jumatatu.