Mkono wa Kushoto wa Kidoti

Kwanza zilianza kupotea chaki. Fundi cherehani alimshuku paka, akamshuku wifi yake, mpaka jioni moja alipomkuta bintiye Kidoti, wa miaka minne, amepiga magoti kizingitini, chaki imo mkono wa kushoto, anaandika vijiherufi vilivyopinduka kichwa chini, kutoka mwimo mmoja wa mlango hadi wa pili.

"Unaandika nini, mwanangu?"

"Namzuia asiingie."

"Nani?"

"Yule anayefanana na mimi."

Wifi mtu alicheka hadi akashika mbavu. "Haya wifi, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Akienda shule na huo mkono wa kushoto, utachekwa wewe, si yeye."

Maneno yalimchoma fundi. Kuchekwa na watu alikuogopa kuliko machozi ya mwanawe. Alikata ukanda wa kitambaa, akaufunga ule mkono ubavuni, akaupiga mishono miwili usifunguke. Kidoti alilia mpaka sauti ikamkauka.

"Mama, wa kulia haujui! Mama, jua linazama!"

"Utajifunza," fundi alisema, akarudi kwenye cherehani yake.

Giza lilipoanza kuingia, harufu ya kitambaa kinachoungua ilijaa chumbani, na pasi ilikuwa baridi. Mara cherehani ikaanza kwenda yenyewe, taratibu, kisha mbio, sindano ikitoboa hewa, na fundi akamwona mwanawe anatazama mlangoni akinong'ona, "Mama, nishike," fundi akanyoosha mikono, akachelewa, maana taa ilizimika, na ilipowaka tena palikuwa kimya, Kidoti ameketi mezani, ukanda uko sakafuni, mishono yake haijakatika hata mmoja.

"Nishajifunza, mama," alisema, kalamu imo mkono wa kulia.

Herufi zilinyooka kama za mwalimu. Wifi alipiga vigelegele. "Si nilikwambia?"

 Fundi alikuwa amemgusa mtoto shavu, nalo lilikuwa baridi kama ile pasi.

Tangu hapo, kila jioni husikia chaki ikikwaruza mlango kwa nje, chini, kwenye kimo cha mtoto. Akifungua hakuna mtu, ila vijiherufi vilivyopinduka, kila siku hafifu zaidi. Hupiga magoti akavipapasa, huku akilia na kuliita jina la mwanawe polepole.

"Mama," sauti humwita kutoka mezani, tamu, yenye adabu. "Funga mlango. Yule asije akaingia."