Ndoa Kabla ya Kisu

Baiskeli ya ndizi ilimgonga Ilyasi goti katikati ya soko la Muyinga, naye akashika ukuta kama mzee. Yasmina, ndani ya dira la zambarau na ushungi mweupe, aliacha kupima mchele akacheka.

"Mwanaume muzima unaogopa ndizi?"

"Naogopa we zaidi," Ilyasi akajibu, na huku goti limeanza kuvimba.

Mapenzi yakaanzia hapo. Simu asubuhi, simu jioni, cherie huku, roho yangu kule, mpaka kwao Yasmina wakawa wanangoja posa. Jambo moja Ilyasi hakulisema: damu yake haigandi. Kaka yake Chabani alivuja damu baada ya tohara hadi akafa, na mama yao akaapa kwamba kisu hakitamgusa Ilyasi. Mtoto wa ustadhi, Mwislamu wa Muyinga, hajatahiriwa! Siri hiyo haikutoka nje ya nyumba yao.

Siku moja Yasmina, mwenye ulimi usio na breki, alimsimulia Ilyasi kwa simu posa ya binamu yake iliyovunjika.

"Eti bwana hajatahiriwa, sha. Mi ningekimbia siku ile ile."

Ilyasi alicheka kicheko kikavu. Tangu hapo hakupokea simu. Dada yake, Salama, alipobanwa sana na Yasmina akataja hospitali moja ya Gitega, na Yasmina akaelewa vyake: huko kuna mwanamke amejifungua. Akapanda gari la Gitega kwa wivu.

Alimkuta Ilyasi kwenye benchi la wagonjwa.

"Iko wapi bibi yako? Na mtoto ni wa kiume?"

Watu wote wakageuka. Ilyasi akainamisha kichwa, akamweleza kila kitu kwa sauti ya chini, Chabani na tohara pia.

"Zamani sindano ya kugandisha damu ilikuwa inaisha nguvu mbio," akasema. "Sasa iko dawa mupya, inakaa mwilini siku mingi. Docteur anasema nayo naweza kutahiriwa. Ni kesho."

"Na hatari?"

"Imepunguka. Haijaisha."

"Donc nani amekutuma?"

Ilyasi akainua macho, akamtazama yeye. Yasmina akakumbuka maneno yake mwenyewe ya kwenye simu, akaona aibu mpaka masikio yakawaka, akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Nisamehe. Nilisema upumbavu."

"Ulisema kile watu wote wanasema."

"Dawa uchukue, ni ya uzima wako. Lakini kisu kingoje. Unioe kwanza."

"Hivi niko, bila kutahiriwa?"

"Hivi uko. Kiisha ukitaka kisu, ukitake kwa ajili yako. Mi nitakaa hapa nikungoje."

Ilyasi akafunika uso kwa viganja, akalia mbele za watu. Yasmina akaketi kando yake, bado hathubutu kumtazama, akapiga simu nyumbani.

"Mama, hakuna mwanamke. Nilimuzulia. Ambia baba apokee posa."