Kipande cha Katikati

Taka-taka-taka-taka!

Mlio wa cherehani ulimfikia Kalista kabla hajaliona duka. Ukungu wa mwezi wa sita ulikuwa umeifunika Kasulo yote, migomba, barabara na hata mabati ya soko, naye aliufuata mlio ule kama mtu anayefuata njia. Ulipokuwa mkubwa akajua amefika. Mlango ulikuwa wazi. Ndani, shangazi yake Agripina alikuwa ameinamia kitambaa, miguu yake ikikanyaga pedeli bila kupumzika.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa, au ukungu umekupoteza?"

"Ukungu, shangazi."

"Haya. Jumamosi ijayo nitautuma huohuo ukungu uje kukuamsha."

Wakacheka. Kalista akachukua ufagio.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kila Jumamosi alimsaidia shangazi dukani. Alifagia, akapanga majora ya vitenge mezani, kisha akachambua kapu la mabaki. Agripina hakutupa mabaki ya vitambaa. Aliyaunga moja moja, akayawekea bitana nene kwa ndani, yakawa blanketi za viraka. Ngara ni nchi ya vilima, na usiku wa kiangazi baridi yake hung'ata. Mwaka ule wa 1995 blanketi zilitafutwa kuliko chumvi, kwa sababu mlima wa upande wa pili ulikuwa umejaa maturubai ya wakimbizi.

Kazi ambayo Kalista aliipenda kuliko zote ni kupanga rangi. Alikuwa na jicho. Hata wanawake wazima walimuuliza yeye kabla ya kununua.

"Kalista," alisema mama Rozalia, muuza mihogo, aliyeingia asubuhi hiyo na kujitanda begani kitenge chenye picha ya ndege, "huyu kuku wa njano ananifaa?"

"Mama, huyo ni tausi."

"Tausi, kuku, si wote wanataga? Nijibu, ananifaa?"

"Hakufai. Chukua hiki cha zambarau. Cha njano kitakufanya uonekane mgonjwa."

"Sikilizeni mtoto huyu!" Rozalia alicheka mpaka akashika meza. "Agripina, duka hili umempa nani?" Lakini akachukua cha zambarau, na Kalista akajiona mrefu kuliko mlango.

Baadaye Agripina alitoka kwenda kununua uzi. Kalista akabaki peke yake, na shehena mpya ya vitenge ilikuwa ndiyo kwanza imefunguliwa. Alikuwa anakunjua jora jekundu lenye ndege wa dhahabu wakati msichana wa rika lake alipoingia na bunda kichwani.

Jina lake lilikuwa Ineza. Alitoka Burundi, na sasa aliishi kambini na mdogo wake na bibi yao. Tangu mwanzo wa wiki alikuwa amelima shamba la maharage la Agripina, na walikuwa wamekubaliana kwamba malipo yake yatakuwa kushonewa blanketi moja. Aliongea Kirundi, Kalista akamjibu kwa Kihangaza, na lugha hizo zinakaribiana kiasi kwamba hawakuhitaji mtu wa kuwatafsiria.

"Nimeleta vitambaa vyetu," alisema Ineza, akifungua bunda. "Hiki cha bluu naomba kikae katikati, kwa sababu..."

"Ndiyo, ndiyo," alisema Kalista, macho yake yakiwa kwenye ndege wa dhahabu. "Weka hapo. Njoo Jumamosi ijayo."

Ineza alisimama kidogo kama mtu mwenye neno jingine mdomoni. Hakuna aliyemtazama. Akaondoka.

Kalista alipolifungua bunda, alisikia huruma. Kulikuwa na shati kuukuu, sketi, na shuka lililochakaa. Kibaya kuliko vyote kilikuwa kipande cha kitenge cha bluu, kilichopauka mpaka kikakaribia kuwa cheupe, na pembe yake moja ilikuwa imeungua. "Kitu hiki kwenye blanketi la duka letu?" alijiuliza. "Hapana. Nitamfurahisha." Akakata kipande cha ndege wa dhahabu, akakiweka katikati, na vingine akavizungusha pembeni. Kwa kweli kilipendeza.

Hapo Derick, mtoto wa Agripina, akachungulia dirishani. "Dada Kalista, una matambara? Mpira wetu umekonda."

"Shika hili," alisema Kalista, akamrushia kipande cha bluu.

Agripina aliporudi alivitazama vipande vilivyopangwa, akatikisa kichwa kwa furaha. "Na hawa ndege?"

"Vyake havikutosha, shangazi. Nimemwongezea."

"Moyo mzuri huo," alisema Agripina, akakaa kwenye cherehani. Kalista alijua kwamba maneno yake hayakuwa kweli. Lakini yalikuwa madogo, naye akayaacha yapite.

Jumamosi iliyofuata Ineza alikuja na mdogo wake, Ildefonce, mtoto wa miaka mitano hivi, amevaa sweta la mtu mzima. Agripina alilitandaza blanketi juu ya meza kwa mikono miwili, kama afanyavyo kwa kila mteja. Kalista alisubiri kusifiwa.

Ildefonce alipanda kwenye benchi. Aliwatazama ndege wa dhahabu. Akafunua pindo moja, akachungulia upande wa pili, akaona bitana tu. Akafunua pindo jingine. Kisha akamgeukia dada yake.

"Mama yuko wapi?"

Ineza alipitisha kiganja juu ya blanketi taratibu, toka pembe hadi pembe.

"Kipande cha bluu kiko wapi?" aliuliza.

"Kipande gani?" alisema Kalista.

"Nilikuambia kikae katikati."

"Mimi sikukiona." Kalista alisikia sauti yake ikiwa nyembamba. "Labda kilianguka njiani."

Agripina aligeuka kumtazama. Ineza hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Ni kitenge cha mama," alisema. "Mama hakufika Tanzania. Alifia njiani, karibu na mpaka. Huyu hulala ameweka shavu juu ya kile kitambaa, bila hivyo halali; wiki hii amekuwa akikesha analia. Kilikuwa kinachanika, nikaona kishonwe ndani ya blanketi, kidumu. Nimelima kwa ajili ya hicho, mama Derick. Vingine vilikuwa vya kukizunguka tu."

Akalikunja blanketi vizuri, akalirudisha mezani. "Ni zuri. Lakini si letu." Akamshika mdogo wake mkono.

Wangeondoka. Wangepanda mlima mikono mitupu, na mtoto yule angekesha akilia, na Kalista angebaki na sifa zake za kupanga rangi. Uongo wake ulikuwa umesimama imara. Hakuna aliyekuwa na ushahidi wa kuuangusha. Alimtazama Ildefonce, aliyekuwa bado anageuza shingo kuangalia meza, na kifua chake kikakataa.

"Hakikuanguka njiani!" alisema kwa nguvu. "Nilikiona. Niliona kimechakaa, nikampa Derick cha kutengenezea mpira. Shangazi, nilikudanganya. Na wewe, Ineza, nimekudanganya sasa hivi."

Agripina alivuta pumzi ndefu. "Mpira uko wapi?"

"Uwanjani."

"Na wewe bado umesimama hapa?"

Kalista alitimua mbio, Ineza nyuma yake. Nyuma ya shule wavulana wa Kasulo walikuwa wanacheza na wavulana wa kambini. Timu zilikuwa sare, na walikuwa wamekubaliana kwamba atakayefunga tena ndiye mshindi. Kelele zilikuwa za fainali.

"Simamisheni!" aliita Kalista. "Nataka mpira!"

"Nenda kacheze rede na wasichana wenzako!" alijibu Evaristi, nahodha wa Kasulo. "Derick, mwondoe dada yako, ananizibia goli!"

"Ndani ya mpira kuna kitambaa cha mtu!"

"Kuna na soksi ya babu yangu, mbona haji kuidai?"

Wavulana wakaangua kicheko. Wakati huo mpira ukamdundia Kalista miguuni. Hakufikiri. Akaudaka, akaukumbatia, akakimbia.

"Mwizi! Mwizi wa mpira!"

Kundi zima likamfukuza. Walimbana kwenye ukuta wa choo cha shule, Evaristi akinyoosha mikono kuunyakua. Ineza akajipenyeza, akasimama kati yao, akahema.

"Ni kitenge cha marehemu mama yangu," alisema kwa Kirundi. "Kimo humo ndani. Tafadhali."

Kicheko kikafa. Niyonkuru, nahodha wa timu ya kambini, kijana mwenye kovu kwenye nyusi, alimtazama Ineza, kisha akauchukua mpira mikononi mwa Kalista bila kuunyang'anya. "Mechi imekwisha," alisema.

"Tulikuwa tunakaribia kufunga!" alilalamika Derick.

"Mimi kitambaa cha mama yangu sina hata uzi," alisema Niyonkuru. "Nipe kitu cha kukatia."

Evaristi ndiye aliyetoa wembe mfukoni. Walichuchumaa wote, wa kijijini na wa kambini, wakaukata ule mpira kamba kwa kamba. Zilitoka nyuzi za migomba, mifuko ya nailoni, kipande cha gunia, na kweli ikatoka soksi, lakini hakuna aliyecheka. Kitenge cha bluu kilikuwa karibu na moyo wa mpira, kimebanwa kama ngumi, kimelowa matope. Ineza alikipokea kwa mikono miwili.

Dukani, Agripina alikuwa ameshakoleza mkaa kwenye pasi. Walikifua kitambaa kwa maji ya vuguvugu, wakakikamua taratibu, wakakikausha kwa pasi. Kilikuwa kimepata tundu jipya. Kalista aliliona, akainamisha kichwa.

"Chukua wembe," shangazi yake alimwambia, "ufumue. Wewe mwenyewe."

Kalista alifumua. Kuwatoa ndege wa dhahabu bila kuchana vitambaa vya pembeni kulichukua muda mrefu kuliko kuwaweka, na vidole vilimuuma. Alipofika kwenye kipande cha bluu alitaka kuanza kukishona, kisha akasita.

"Ineza, kikae hivi, au pembe iliyoungua iwe juu?"

"Iwe chini. Shavu lake hulala upande huu."

"Na tundu nilizibe kwa uzi wa bluu?"

"Tumia mweupe. Nataka nilione."

Agripina alisikiliza mazungumzo hayo bila kuinua macho. Kazi ilipokamilika, alivua kidoleni subana yake ya kukinga sindano.

"Kalista, una jicho zuri," alisema. "Sitaki lipofuke. Lakini mtu akiingia hapa na kitambaa chake, ameingia na habari yake pia, na habari hiyo haionekani kwa jicho. Inasikika kwa sikio. Wewe ulimpa Ineza jicho, ukamnyima sikio. Ulitaka kumpa kizuri, kumbe yeye alitaka chake. Mkimbizi au mzaliwa wa hapa, anayepita mlango huu ni mteja wangu, na neno lake ndilo la kwanza."

"Nimekosa, shangazi."

"Na kuna jambo la pili. Kosa lako la kwanza lilikuwa la mtu asiyesikiliza. Tungelirekebisha siku ileile, kitambaa kikiwa bado kisafi. Uongo wako ndio uliokipeleka matopeni wiki nzima. Leo umesema kweli bila kulazimishwa, na ndiyo maana kimerudi. Siku nyingine, sema mapema."

Kisha akamgeukia Ineza. "Na mimi nisamehe, binti yangu. Duka ni langu. Sikukagua kazi yangu."

Ineza aliitikia kwa kichwa. Hakutabasamu, lakini alilichukua blanketi.

Ildefonce alikuwa ameshaliwekea shavu lake. Alibaki hivyo kwa muda, macho yamefumbwa, kisha akafumbua jicho moja na kumtazama Kalista kwa wasiwasi.

"Nikikua mkubwa," aliuliza, "miguu si itatoka nje?"

Kalista alipiga magoti mbele ya benchi mpaka macho yao yakalingana. Aliona kwamba mtoto anataka kujua jambo jingine, akasubiri.

"Halafu mtalitupa?" alisema Ildefonce.

"Hapana," alisema Kalista, kwa sauti ambayo wote dukani waliisikia. "Miguu ikitoka, uniletee. Nitaongeza vipande pembeni, na ukizidi kukua nitaongeza tena. Lakini hiki cha katikati sitakigusa mpaka nikuulize wewe. Nakuahidi, Ildefonce."