Shangingi la Kasmiri

Jumamosi ya tarehe 7 Juni 1997, saa tano asubuhi, mbuzi dume alichinjwa Mlabani, mjini Ifakara, mbele ya gari la Kasmiri Njahiti, na damu yake haikufika chini.

Uani kulijaa wageni, lakini wengi hawakuliona jambo hilo kwa sababu macho yao yalikuwa kwenye gari. Lilikuwa Land Cruiser VX nyeupe, aina ambayo watu walishaanza kuiita shangingi: viti vya ngozi, kiyoyozi mbele na nyuma, magurudumu yote manne yanavuta. Ifakara magari ya namna hiyo yalikuwa ya wafadhili na wakubwa wa serikali. Kasmiri alikuwa mtu wa mashine ya kukoboa mpunga. Alilinunua Dar es Salaam kwa mtu aliyekuwa amelifungia bandani muda mrefu.

"Litie mafuta na maji," muuzaji alimwambia wakiagana. "Kingine chochote usilitie." Kasmiri alidhani anamwonya kuhusu oili za bandia.

Padri alikwisha kulinyunyizia maji ya baraka. Lakini ukoo nao una haki yake. Kwa watu waliotoka upande wa Mahenge, kitu kikubwa hakiingii nyumbani kikalala na njaa. Hulishwa, kikaonyeshwa mwenye nacho. Kazi hiyo ilikuwa ya shangazi yake Kasmiri, Theodosia, mtambikaji wa ukoo, aliyevuka mto kutoka Lupiro na kibuyu chake cha pombe. Alichukua bakuli la damu, akainama kwenye gurudumu la mbele.

"Kula, ushibe," alisema. "Huyu Kasmiri ndiye mtoto wetu. Mtunze. Atakayemgusa, nawe mguse."

Alikuwa anasema na wazee waliotangulia. Akamimina. Devota, mke wa Kasmiri, alikuwa amesimama karibu na sufuria ya wali, naye ndiye aliyeona: damu ilipofika kwenye mpira ilipotea, na udongo chini ya gurudumu ukabaki mkavu. Shangazi aliugusa kwa kidole. Akakitazama kidole. Kisha akakifuta kwenye kanga.

"Shangazi, vipi?" Devota alimwuliza kwa sauti ya chini.

"Gawa wali, mwanangu. Watu wana njaa."

Wa kwanza kufa alikuwa mbwa. Mbwa wa jirani alimrarua Kasmiri suruali siku moja asubuhi. Mchana alikutwa mbele ya geti amelazwa bapa kama ngozi iliyoanikwa, na alama za matairi zikitoka kwake hadi kwenye gari. Gari lilikuwa limefungwa, ufunguo uko mezani. Kasmiri alisema ni lori la mtu. Devota alikuwa sebuleni muda wote huo na hakusikia lori.

Kisha ikaja harufu. Kiyoyozi kikiwashwa, hewa ilitoka baridi kwanza, halafu ikatoka na harufu ya machinjioni, damu mbichi na utumbo. Binti yao wa pekee, Gladness, mwenye miaka tisa, alikataa kukaa kiti cha nyuma.

"Pale pana mtu, mama. Amekunja magoti mpaka masikioni."

Devota alichungulia. Hapakuwa na mtu. Lakini ngozi ya kiti ilikuwa imebonyea, na kioo cha nyuma kilikuwa na ukungu wa pumzi upande wa ndani.

Wa pili alikuwa Fidel, fundi wa mashine. Mkanda wa mashine ulikuwa umemkata kibarua mkono, na Fidel alikuwa ameomba mkanda huo ubadilishwe tangu mavuno yaanze. Alimkaba Kasmiri shingo mbele ya wabeba magunia, akamwita katili. Jumapili iliyofuata Kasmiri na Devota walikuwa misani, gari likiwa nje ya kanisa na watu wamelizunguka wakilishangaa. Waliporudi, waliambiwa Fidel amekutwa amebanwa kwenye ukuta wa mashine. Matofali yalikuwa yameingia ndani, na yeye ameingia pamoja nayo. Polisi waliona alama za matairi mapana. Zilianzia katikati ya uwanja, mahali pasipo na njia, zikanyoosha moja kwa moja mpaka kwake.

Kasmiri aliipokea habari hiyo akiwa mezani. Hakuacha kula. Halafu alitoka, akaweka kiganja juu ya boneti, na Devota alimwona kupitia dirisha akitabasamu.

"Umesikia?" alisema aliporudi. "Yule aliyenikaba."

"Baba Gladi, hilo gari tulirudishe lilikotoka."

"Nirudishe? Mimi nimesukumwa na kila mtu tangu napakia magunia stesheni ya Mlimba. Sasa nani atanisukuma? Mtaje."

Hakuwapo. Mji uliwahi kuelewa kuliko polisi. Kwenye foleni ya pantoni walimpisha. Alimzaba kofi mkata tiketi, na yule mtu akainamisha kichwa akasema asante. Wazee waliomzidi umri walianza kumwamkia yeye shikamoo, naye akawa anaitikia marahaba bila kupepesa macho.

Nyumbani alianza na kofi, akaendelea na mkanda. Devota hakujikinga hata kwa kiganja, maana hakujua kama kujikinga nako kunahesabiwa ni kumgusa. Woga wake haukuwa wa mkanda. Gladness alikuwa na mdomo wa baba yake na hasira za bibi yake.

"Akisema neno, wewe sema ndiyo baba," alimwambia. "Akinipiga, ingia chumbani ufunge mlango. Usimguse. Umenisikia? Hata kidole."

"Kwa nini yeye akuguse wewe?"

"Sema umenisikia."

"Nimekusikia, mama."

Katikati ya Julai kaka yake Devota, Sylvanus, alikuja kwa baiskeli. Devota alimwahi getini.

"Kaka, geuza. Nakuomba."

"Nigeuze? Jicho lako umeliona?"

"Usimguse. Mtukane ukitaka, ila usimguse."

"Kwani huyu nani, askofu? Shemeji! Toka nje, tuamkiane!"

Kasmiri alitoka peku, kijiti mdomoni.

"Karibu, shemeji. Punguza sauti, gari limelala."

Sylvanus alimpiga kofi moja. Kijiti kilianguka.

Ilikuwa saa saba mchana, jua liko juu ya bati, na Devota alisikia injini ikiwaka chini kabisa kama mtu anayesafisha koo, akaona usukani unazunguka wenyewe na nyuma ya kioo cha mbele kitu kirefu kikihama kutoka kiti cha nyuma kwenda kiti cha dereva, goti moja kwanza na goti la pili baadaye, na harufu ya machinjioni ikatoka mpaka getini, na Sylvanus, ambaye alikuwa bado ananyoosha kidole usoni pa Kasmiri, hakugeuka mpaka bampa ilipomfikia mapajani ikamlaza, ikapita, ikarudi nyuma juu yake, ikapita tena, polepole, kama mtu anayesaga pilipili juu ya jiwe, huku Devota akipiga kelele jina la kaka yake hadi jina likaishiwa maana. Kasmiri alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale. Hakuna tone lililomrukia.

Polisi waliandika kwamba breki ya mkono iliachia. Uwanja ule hauna mteremko.

Siku ya kwanza ya Agosti Kasmiri alikuwa anampiga Devota jikoni kwa sababu ya chumvi. Gladness hakuingia chumbani. Alikuja mbio, akamrukia baba yake mkono wenye mkanda, akauma.

Kisha injini ikawaka.

"Hapana," Kasmiri alisema. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Hapana, huyo ni wangu. Acha!"

Gari liligonga ukuta wa jikoni. Masufuria yakaanguka. Likarudi nyuma, likagonga tena, tofali likatoka, na kupitia tundu taa moja ikaonekana ikiwaka mchana. Kasmiri alijibandika kwenye tundu, mikono ametanua. Gari lilisimama kwenye kifua chake bila kumgusa, likinguruma. Devota alimbeba mtoto, akatokea mlango wa nyuma, akakimbia katikati ya mashamba, mpaka pantoni, na ng'ambo akapata pikapu ya samaki iliyowafikisha Lupiro.

Theodosia alisikiliza mpaka mwisho.

"Mizimu yetu naijua," alisema. "Hili si letu. Mtu wa pwani alilifuga hili jini, likamshinda, akalifunga lishinde na njaa. Mimi nikaja nikalikaribisha mezani."

"Litoe, shangazi."

"Kilichokwisha kula hakitapiki. Kukifukuza siwezi. Naweza kukituma tu."

"Lakini Gladi ameshamgusa. Litamfuata mpaka huku."

"Litakuja. Na baba yake ndiye atakayelileta."

Kasmiri alikuja asubuhi ya pili. Walisikia gari kabla ya kuliona. Kuku waliingia uvunguni, na harufu ikatangulia njiani kama vumbi. Theodosia alimweka Gladness mbele yake katikati ya uwanja. Kwenye bakuli hakukuwa na damu ya mbuzi. Alikuwa amejichanja mwenyewe, kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono.

Gari liliposimama, alimimina kwenye gurudumu kabla Kasmiri hajafungua mlango.

"Kula, ushibe," alisema. "Yule wa kwanza nimekunyang'anya. Mtoto wetu ni huyu, Gladness. Mtunze. Atakayemgusa, nawe mguse."

Damu haikufika chini.

Kasmiri alishuka. Hakuwa amesikia. Macho yalikuwa mekundu, hakuwa amelala.

"Shikamoo, shangazi. Nimekuja kuchukua watu wangu."

Shangazi aliweka bakuli chini.

"Mama Gladi, twende. Nikimweka mtoto mbele, nikaliambia nimemsamehe, litaelewa. Usiku kucha limezunguka nyumba. Linanisikiliza mimi. Twendeni."

"Siendi," Gladness alisema.

"Wewe utapanda."

Alimwendea. Kutoka mlango wa gari hadi kwa mtoto palikuwa na nafasi ya mtu kusema neno moja, na Devota alikuwa nalo mdomoni. Alimtazama mume wake aliyezaa naye, aliyesimama kwenye tundu la ukuta mikono ametanua. Akamkumbuka pia Sylvanus chini ya magurudumu. Hakulisema.

Kasmiri alimshika mtoto mkono, akamvuta.

Injini haikuwa imezimwa, kwa hiyo hapakuwa na mlio wa kuonya, ni mlango wa nyuma tu uliofunguka na mkono ukatoka, mrefu kuliko mkono wa mtu yeyote, umelowa, ukamshika Kasmiri kisogoni ukamwachisha mtoto kama mtu anayechuma pera, naye akageuka akaliona, na alichosema ni "Ni mimi, ni mimi, wewe, ni mimi," huku akiburutwa kwa visigino hadi mbele ya gari, akalazwa chali pale shangazi yake alipomimina damu, na gurudumu likapanda kuanzia miguuni, bila haraka, likisimama kila mfupa unapovunjika, magotini, nyongani, mbavuni, na sauti yake ikaendelea kusema ni mimi mpaka pale ambapo sauti haipiti tena. Gladness alikuwa amefunikwa macho na mama yake. Masikio hayakufunikwa.

Polisi walilivuta gari mpaka kituoni Ifakara. Walitoa betri. Wiki hiyohiyo matairi yote manne yaliibwa, na gari likawekwa juu ya mawe.

Devota alibaki Lupiro kwa shangazi. Alimwandikisha Gladness shule ya pale, na kila asubuhi alimwamsha kabla ya jogoo, akamkagua kucha, sare na nywele, akamsindikiza hadi darasani, akamwomba mwalimu mkuu asimchape, mtoto ana ugonjwa. Mwalimu mkuu alikubali. Hakumwambia kila mtu.

Jumatatu ya tarehe 18 Agosti, Theodosia aliamka na homa ya kidonda, Devota akawa anamhudumia, Gladness akaenda peke yake na akachelewa gwaride. Mwalimu wa zamu, Viktor, alikuwa mgeni kutoka Mahenge. Alimwambia anyooshe mkono.

"Mwalimu, nakuomba, usinipige."

"Kwani mkono wako wa dhahabu?"

"Utakufa, mwalimu."

Wanafunzi walicheka. Viktor naye alicheka. Akamchapa mbili za kiganjani.

Wanafunzi wa mstari wa nyuma ndio waliosema baadaye kwamba walisikia kwanza harufu ya machinjioni, na wote waliohojiwa walisema hawakuona gari. Kwenye uwanja wa shule polisi walikuta alama za magurudumu manne mapana, zimeanzia katikati ya gwaride. Siku hiyohiyo askari alipiga redio kituoni Ifakara, akajibiwa kwamba gari liko palepale, juu ya mawe.

Viktor alizikwa Lupiro Jumatano, saa nane mchana. Jeneza halikufunguliwa.