Sufuria ya Watu Kumi

Nyumba yetu ya kwanza ilikuwa vyumba viwili tu. Kimoja kilikuwa cha kulala, na kingine cha mambo mengine yote. Jiko lilikuwa kwenye kibaraza cha nyuma. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mama alishona nguo, na cherehani yake ilikaa karibu na dirisha ili apate mwanga. Mimi nilikuwa mtoto wa kwanza. Mdogo wangu alikuwa bado ananyonya.

Wazazi wangu walikuwa vijana wakati huo. Leo mimi ni mkubwa kuliko walivyokuwa wao. Nikiwakumbuka, nawaonea huruma na kuwacheka kidogo. Walikuwa wanajifunza kuendesha nyumba, na hakuna aliyewaonyesha. Laiti ningeweza kurudi kwenye kile kibaraza, nikae nao jioni moja tu.

Jioni ndiyo ilikuwa saa yetu nzuri. Baba alirudi kutoka kazini ananuka moshi wa chuma. Alinibeba begani, tukaenda kusimama karibu na mama anayepika.

"Mama watoto, leo tunalisha jeshi gani?" baba aliuliza.

"Wewe kula kwanza, maswali baadaye," mama alijibu.

Baba alikuwa na sababu ya kuuliza. Sufuria ya mama ilikuwa kubwa mno. Alipewa na mama yake siku alipoolewa. Kwao walikuwa watoto wanane, na wazazi wawili, na mama yangu ndiye aliyekuwa binti mkubwa. Alianza kupikia sufuria ile angali mdogo, akipanda juu ya kigoda ili aone ndani. Mkono wake ulijua kipimo kimoja tu. Alichukua bakuli la bati, akalijaza mchele mpaka ukafanya kilima. Kwao bakuli lile lilitosha watu kumi. Kwetu alilijaza vilevile, na sisi walaji tulikuwa watatu.

Kilichobaki alikipeleka kwa kuku wa jirani. Jirani huyo alikuwa mama mtu mzima. Alikuwa amepika hospitalini miaka mingi kabla ya kustaafu. Watoto wa mtaa tulimwita Bibi Upawa. Kuku wake walitembea kwa shida kwa unene. Baba alisema kuku wale wamefika mbinguni kabla yetu, maana mama anawaandalia karamu kila jioni.

Siku ya mshahara wa wiki mama alikwenda sokoni. Alirudi na kapu limejaa nyanya, kabichi, mboga za majani, viazi na vitunguu. Aliona raha kuliona kapu lile. Aliviacha vyote humo ndani ya mifuko ya plastiki, akalisukuma kapu pembeni. Baada ya siku chache nyanya zilitoa maji. Mboga zikawa njano. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini wahenga hawakuiona akiba yetu.

Kisha pesa ziliisha kabla ya wiki kuisha. Hapo tulianza safari za duka la kona. Mimi ndiye niliyetumwa. Kifuko kidogo cha mafuta. Kifuko kidogo cha sukari. Majani ya chai ya kupikia mara moja. Kesho yake nilitumwa tena.

Jioni moja baba alirudi, lakini hakunibeba. Alikaa kwenye kigoda, akatazama chini.

"Mchele umekwisha tena?" aliuliza.

"Umekwisha," mama alisema.

"Mwenye nyumba alinisimamisha njiani. Kodi ya mwezi huu hatujalipa. Sasa sikiliza, mama watoto. Kuna msimamizi wa ujenzi wa barabara. Anatafuta wachomeleaji wa kwenda nao mbali. Mshahara ni mzuri. Nimemwambia nitakwenda."

"Utarudi lini?"

"Likizo ni mara moja kwa mwaka."

Mama aliacha kukoroga. "Huyu anayenyonya atakusahau," alisema. "Atakukimbia akikuona."

"Najua," baba alisema. "Lakini mapenzi hayalipi kodi. Lori linakuja kuchukua watu mwisho wa mwezi."

Niliogopa sana. Sikuwahi kufikiri kwamba baba ni kitu kinachoweza kuondoka.

Mama alijaribu kubana matumizi kwa njia yake. Aliacha kupeleka chakula kwa kuku. Wali uliobaki aliufunika ndani ya sufuria, ukalala jikoni na joto lile. Asubuhi aliupasha, akanipa. Mchana tumbo likanikata. Nilitapika na kuhara. Mama alinikimbiza zahanati, na pesa aliyodhani ameiokoa ikaishia kwenye dawa. Aliporudi alikaa mlangoni na kulia. Nilimwambia asilie, pesa ya dawa simdai. Akacheka huku analia.

Kesho yake Bibi Upawa alikuja.

"Hodi humu ndani!"

"Karibu, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuuliza. Kuku wangu wamegoma. Wamesimama ukutani kwenu tangu jana wanadai haki yao. Kuna nini?"

Mama alimweleza yote. Alimweleza kodi, na lori, na tumbo langu. Bibi Upawa alinigusa paji la uso kwanza. Kisha akavuta kigoda.

"Mwanangu, nina jambo, na nimekaa nalo muda mrefu kwa sababu linanifaidi. Sijanunua pumba tangu mhamie hapa. Kuku wangu wananenepa kwa jasho la mume wako. Ningenyamaza, ningeendelea kula mayai. Lakini sasa lori linataka kukuchukulia mume. Siwezi kunyamaza tena."

Aliomba kuona chakula cha jana kilichobaki. Kisha aliomba kapu. Akatoa nyanya zilizooza na kabichi lililolegea, akaviweka vyote sakafuni mbele yetu. Vilikuwa vingi. Mama alivitazama kama anaona uchafu wa mtu mwingine.

"Unatafuta pesa ya kodi?" Bibi Upawa alisema. "Hii hapa. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenu kina tundu. Mume wako akienda kule mbali, pesa atakayoleta itapita kwenye tundu hilihili."

"Bibi, mimi sikulelewa kuwa mkono wa birika," mama alisema, na sauti yake ilikuwa kali. "Kwetu sufuria haikuonyesha chini. Mama yangu alisema nyumba isiyobakiza chakula ni nyumba ya aibu. Akija mgeni je?"

"Wageni walikuja?"

"Kila siku. Na ndugu zangu walirudi kutoka shule na njaa. Tulikaa wote barazani. Kulikuwa na kelele, Bibi! Mdogo wangu wa mwisho alikuwa akiiba nyama kwenye sahani yangu, nami najifanya sioni."

"Wako wapi sasa?"

"Wametawanyika. Mama amekufa. Nyumba ile wamepanga watu wengine."

Bibi Upawa alimshika mkono. "Mama yako alikuwa sahihi. Alipika cha watu kumi kwa sababu watu kumi walikuwepo. Wewe unawapikia wasiokuwepo, mwanangu. Unawakumbuka kwa mchele."

Mama alijifuta macho kwa ncha ya kanga. Nadhani hapo ndipo alipoelewa, kabla hata hajafundishwa kitu.

"Sasa tupike," Bibi Upawa alisema. "Hospitalini tulikuwa tunauliza kwanza: leo wako wagonjwa wangapi? Hatukuwasha moto kabla ya kujibiwa. Nipe kikombe cha chai."

Alichukua kikombe cha kawaida. "Mtu mzima mmoja, kikombe kimoja kasoro kidogo cha mchele mkavu. Mtoto huyu, nusu yake. Mchele ukiiva unakua zaidi ya mara mbili, usiuone kidogo ukiwa mkavu. Na wewe unanyonyesha. Usijipunje. Kubana matumizi si kujinyima. Ukilala njaa, ni mtoto atakayelipa."

Alimwonyesha maharage pia. Tuliyaloweka usiku kucha, tukayamwaga yale maji, na yakaiva upesi kwa kuni kidogo. "Mayai na maharage yanajenga mwili kama nyama," alisema. "Nyama inunueni mkiweza, lakini msidhani bila nyama hamjala."

"Na chakula kikibaki?" mama aliuliza.

"Kitabaki kidogo. Kipoze upesi kwenye sahani pana, kifunike. Kama huna friji, kiliwe mlo unaofuata, siku hiyohiyo, kimechemka hasa. Wali uliolala nje na joto hili, hata ukiuchemsha, sumu yake haitoki. Umeyaona mwenyewe."

Mimi nilitikisa kichwa kwa nguvu kukubali. Walicheka.

Jumamosi iliyofuata Bibi Upawa alikwenda na mama sokoni, nami nikawafuata. Lakini kwanza alitulazimisha kunywa chai na mkate.

"Tumechelewa, Bibi," mama alisema.

"Mwenye njaa hanunui, anapora," alijibu. "Kunywa."

Kisha aliuliza nini kilikuwepo nyumbani. Mama hakujua. Akarudi kutazama, akakuta vitunguu vya kutosha na chumvi paketi mbili. Sokoni hawakugusa vitunguu wala chumvi. Walinunua mchele, maharage, sukari na mafuta ya wiki nzima, kwa kilo na kwa chupa. Mama alishtuka kutoa pesa nyingi kwa mara moja.

"Kile kifuko cha duka la kona ni kidogo, ndiyo maana hukiogopi," Bibi Upawa alisema. "Lakini hesabu vifuko vyako vya wiki. Ungejaza chupa hii na ingebaki pesa. Mchuuzi hana kosa, naye ana watoto. Wewe ndiye wa kuchagua."

Mboga za majani walinunua za siku mbili tu. Wakachagua zile zilizojaa sokoni msimu ule, kwa sababu zikiwa nyingi bei hushuka. Nyumbani mama alitoa kila kitu kwenye plastiki. Vitunguu vilitandazwa mahali pakavu penye hewa. Viazi viliwekwa gizani, mbali na vitunguu. Nyanya zikakaa kivulini, na mboga zikafungwa kwenye kitambaa chenye unyevu. Nilipewa kazi ya kutazama nyanya ipi imeiva zaidi, ili ipikwe kwanza. Niliifanya kwa kiburi kikubwa.

Haikuwa rahisi. Jioni ya kwanza mama alipima kwa kikombe, kisha akasimama juu ya sufuria ndogo aliyoazima. Nilimwona anarudisha mkono kwenye mchele.

"Utatosha?" aliuliza hewani.

Ulitosha. Baba alikula, akakwangua sahani, akajipapasa tumbo. "Jeshi limevunjwa?" aliuliza.

"Limekwenda likizo," mama alisema.

Wiki hiyo pesa ya chakula haikuisha. Wiki iliyofuata ilibaki tena, na mama akaificha ndani ya droo ya cherehani. Kuku wa Bibi Upawa walipata maganda ya viazi tu. Walitukasirikia. Bibi Upawa alianza kununua pumba, na hakulalamika hata siku moja.

Kabla ya mwezi kuisha, mama alimpa baba kodi yote mkononi. Baba aliitazama, akamtazama mama.

"Umeitoa wapi?"

"Ilikuwa inaliwa na kuku."

Baba alifurahi, lakini hakusema kwamba hatakwenda. Alikuwa amempa mtu neno lake. Tena aliogopa. Nilimsikia akimwambia mama, "Mwezi mmoja si mwaka. Je, mwezi ujao?" Mama hakubishana naye. Alimfulia mashati, akayapiga pasi, akayapanga kwenye begi. Sikulala vizuri usiku ule.

Asubuhi ya safari baba alioga, akavaa viatu vyake vizuri. Alimbeba mdogo wangu muda mrefu. Kisha akatoka kibarazani kuaga. Mama alikuwa ameinama, anapima mchele wa mchana. Baba alisimama akatazama kikombe kikipanda na kushuka.

"Mama watoto, umekosea," alisema kwa upole. "Umepima cha watu watatu. Mimi sipo mchana."

Mama hakuinua kichwa. "Sijakosea. Nimefundishwa nipime cha watu wa nyumba hii."

Nje lori lilipiga honi. Baba alibaki amesimama. Honi ikalia tena. Nilishika suruali yake kwa mikono miwili, na sikuona aibu.

Baba alivua viatu vile vizuri. Akavaa kandambili, akatoka mpaka barabarani. Nilimsikia akisema, "Mzee, nisamehe. Nilikupa neno, na leo nalirudisha. Mpe mwingine nafasi yangu." Msimamizi alisema maneno makali kidogo. Kisha lori likaondoka.

Baba aliporudi kibarazani, mama alikuwa amejiinamia juu ya sufuria, analia. Baba alikaa kando yake, akaanza kuchagua mawe kwenye mchele. Mchana tulikula wote, na hakikubaki kitu.