Kigari Kisichosikika

Mama Shuka alikuwa amefua mashuka ya hospitali kwa miaka kumi na mmoja. Ndipo jina lake lilipotoka. Kila asubuhi alisukuma toroli la nguo safi kutoka chumba cha kufulia hadi wodini. Alitembea na wenzake wawili, bega kwa bega, wakipiga soga njia nzima. Hakuna aliyewaambia wasogee, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kupisha.

Kisha vikaja vigari vya umeme, vile vidogo vilivyo wazi pembeni, vinavyotumika kwenye viwanja vya gofu. Vilibeba dawa, chakula na wagonjwa waliolazwa. Dereva wa kimojawapo alikuwa mtu mzima mwenye mvi, asiye na maneno mengi. Ungeshtukia tu yuko nyuma yako. Wafuaji walimwita Kimyakimya.

"Yule ametumwa," Mama Shuka aliwaambia wenzake. "Gari gani linafika kwenye visigino vya mtu bila kusikika? Anatunyatia asikie tunavyowasema wakubwa."

"Tena juzi msimamizi alijua tumechelewa," mmoja akasema. "Nani alimwambia?"

"Kikulacho ki nguoni mwako," akajibu mwingine.

Kwamba msimamizi alikuwa na saa ukutani, hakuna aliyelikumbuka. Mtu akishaanza kushuku, hata saa huiona ni mmbea.

Wakaamua kumkomoa. Wakimwona Kimyakimya anakuja, walijipanga kuziba njia nzima na kutembea polepole. Naye alizidi kuwasogelea, amekunja uso.

Nyumbani, Mama Shuka aliishi na mumewe na mama mkwe. Mama mkwe alikuwa na kidonda mguuni kwa miezi mitatu. Muuguzi wa kliniki ya hospitali ileile alimweleza waziwazi: "Kidonda hiki kisafishwe kila Jumatano, mama. Ukiacha kuja, tunaweza kuukata huu mguu."

Jumatano moja Mama Shuka alikuwa akimpeleka kliniki, amemshika mkono. Njiani akahisi kitu nyuma yake. Akageuka. Kigari cha Kimyakimya kilikuwa hatua tatu tu kutoka kwao. Kwa hofu akamvuta mama mkwe kwa nguvu upande wa kulia. Kigari kikaipiga fimbo ya mama, naye akaanguka. Bandeji yote ikajaa matope.

Alipoinuliwa alisema neno moja: "Siji tena."

Na kweli, Jumatano iliyofuata hakwenda. Mumewe Mama Shuka alimbembeleza mama yake mpaka akachoka. Jioni ile bandeji ilianza kunuka. Mama Shuka alienda jikoni, akalia.

Jirani yao alikuwa mwanamke fundi wa vigari palepale hospitalini. Alikuja kuwajulia hali.

"Alikusudia," Mama Shuka alimwambia. "Alitaka kutukanyaga kwa sababu tunamzibia njia."

"Unajua hivyo, au unashuku?"

"Shoga, mimi nina macho."

"Basi kesho njoo karakana. Njoo na masikio pia."

Kesho yake fundi alimwambia asimame akitazama ukuta. "Ukisikia kigari, inua mkono."

Mama Shuka alisimama. Alisikia maji bombani na sufuria jikoni kwa wagonjwa. Akachoka kungoja. "Utaanza lini?"

"Geuka."

Kigari kilikuwa nyuma yake, karibu kumgusa.

"Kinatumia betri," fundi alisema. "Hakingurumi. Dereva hanyatii mtu, ndivyo kigari kilivyo."

Mama Shuka hakukubali upesi. "Na honi je? Ameining'iniza nyumbani kwake?"

Fundi akamwita yule dereva, Kimyakimya. Alisimama mbali kidogo, mikono nyuma.

"Kila kona pana kibao cha kimya," alisema. "Wiki ya kwanza nilipiga honi, muuguzi mkuu akanifokea mbele ya wagonjwa. Nikakata waya. Lakini nyinyi je? Mnaziba njia makusudi. Mnataka nichelewe nifukuzwe, mizigo yangu mpewe nyinyi."

"Nani anataka mizigo yako?" Mama Shuka aliuliza. Lakini kuhusu kuziba njia, hakukana.

"Haya, nisikilizeni nyote wawili," fundi alisema. "Kibao kinakataza kelele. Hakikatazi kumwonya mtu asigongwe. Ndugu yangu dereva, nitakufungia kengele ya baiskeli. Ilie mapema, ukiwa mbali, si kwenye kisigino cha mtu. Kisha nenda mwendo wa mtu anayetembea. Usipite mpaka uhakikishe amekusikia. Ukimpita, acha nafasi ya kutosha. Kwenye kona na mahali watu wanapovuka, simama. Mwenye miguu ndiye wa kwanza."

"Na sisi?" Mama Shuka aliuliza.

"Tembeeni upande mmoja, mmoja nyuma ya mwenzake. Toroli lisijazwe mpaka likuzibe macho. Na msiruke pembeni kabla ya kutazama. Siku ile ulimvuta mama upande gani?"

"Kulia."

Fundi akamgeukia dereva. "Wewe ulikuwa unapita wapi?"

"Kulia," alisema dereva, kwa sauti ndogo. "Na nilikuwa nakwenda mbio. Nisamehe, mama."

Mama Shuka aliona aibu. Wiki nzima alikuwa amemlaumu mtu mmoja, kumbe walikuwa wawili.

Fundi akawaeleza wakubwa, na juma lile uongozi ukapiga mstari mweupe njia nzima kutenga upande wa watembeao, na kivuko cha waenda kwa miguu mbele ya kliniki. Mama mkwe alikubali kwenda, lakini alishika fimbo kama anayekwenda kugombana. Kengele ikalia mbali nyuma yao.

"Kigari hicho, mama," alisema Mama Shuka, bila kumvuta. "Tubaki upande wetu."

Kwenye kivuko kigari kikasimama kabisa. "Pita, mama," dereva alisema.

Mama mkwe hakusogea. "Anataka nini huyu?"

"Hataki kitu. Anakupisha."

"Mimi? Maisha yangu yote gari likija, mimi ndiye wa kurukia mtaroni."

Akavuka. Alikwenda taratibu kuliko mguu ulivyohitaji, na dereva akasubiri.

Hakukosa tena Jumatano hata moja. Wiki ya tisa muuguzi alifungua bandeji, akaitupa, hakufunga nyingine. Kidonda kilikuwa kimefunga. Mama mkwe alirudi nyumbani kwa miguu yake yote miwili.