Stempu za Uhuru Zilizobandikwa kwa Uji wa Wali

Kwetu Antananarivo, Madagaska, wali hupikwa asubuhi, mchana na jioni. Ukikosa gundi, unachukua uji mzito wa wali na kubandikia. Mimi uji huo uliniponza.

Mwalimu aliwaambia watoto walete vitu vya kukumbuka uhuru. Mama mkwe wangu akampa binti yangu, Voahirana, stempu tano za uhuru za mwaka 1960. Moja ilikuwa bado kwenye bahasha yake.

"Babu yako alizitunza hadi akafa," alimwambia. "Zirudi zote."

Niliogopa zitapotea. Nikabandika nne kwenye daftari kwa uji wa wali. Wiki mbili baadaye nikafungua. Lo! Mende walikuwa wametafuna moja yote. Tatu zilikuwa zimejikunja.

Nikachukua kisu nizibandue. Jirani yangu Razafy, aliyepanga barua posta miaka ishirini, akaniona mlangoni.

"We, weka kisu! Unabandua stempu au unamenya mihogo?"

"Dada, mama mkwe atanila mzima!"

"Umebandikia nini?"

"Uji wa wali."

"Ndiyo maana mende wamekula bila kukaribishwa! Lakini una bahati. Uji huo huyeyuka. Lete maji ya uvuguvugu."

Akakata karatasi kuzunguka kila stempu. Akaziweka majini, uso juu.

"Usivute. Iache iachie yenyewe. Na ushike kwa kibano, vidole vina jasho."

Tukangoja. Sikuweza hata kukaa.

"Mama, hiyo imeachia!" alisema Voahirana.

Zote tatu zikatoka nzima. Tukazilaza kwenye karatasi safi. Zilipokauka, tukazibana ndani ya kitabu kizito. Nikanyoosha mkono kuchukua ile bahasha niiloweshe pia.

"Hiyo acha!" Razafy akanizuia. "Mhuri wake una mji na tarehe. Ukiilowesha, nani atajua barua ilitoka wapi, lini?"

Jioni nilimweleza mama mkwe kila kitu. Alizigeuza stempu kwa kibano, moja moja.

"Moja tu ndiyo imeliwa?"

"Moja tu, Neny, mama yangu. Nisamehe."

"Basi iachieni nafasi yake."

Voahirana alizipeleka shuleni kwenye vifuko vya karatasi laini, bila gundi. Zimerudi salama, nne na nafasi tupu moja. Mama mwenzangu, ukiwa na stempu za zamani, uji wa wali uache sufuriani.